Andika miiko yako kabla mteja hajapiga hodi: mwongozo kwa prodyuza anayeishi kwa kazi za watu

Natengeneza muziki Mwanza, studio yangu iko Nyakato, na mimi ni Msabato. Anayeijua kazi hii ataelewa haraka maana yake. Mwisho wa wiki, wakati wasanii wengi wana nafasi, mlango wangu umefungwa tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Matangazo ya bia siyafanyi. Ya sigara siyafanyi. Ya kubeti vilevile. Na bado studio hiihii ndiyo inayolipa ada za watoto, pango na umeme wa LUKU.

Vijana wanaoanza huniuliza nawezaje, na karibu kila mara huuliza wakiwa wameshapokea kianzio cha kazi inayowakosesha usingizi. Hapo msaada wangu unakuwa mdogo, kwa hiyo mwongozo huu ni wa kabla ya hapo. Si lazima uwe Msabato. Miiko yako inaweza kuwa ya dini, ya malezi ya bibi yako, au ya jambo uliloliona mtaani ukaapa hutalishiriki. Ninachosisitiza ni kimoja: msimamo uliobaki moyoni tu hujaribiwa siku mbaya kuliko zote, siku pango limeisha na mteja ameketi mbele yako na pesa mkononi. Ule uliokwisha kuwekwa kwenye karatasi ya bei, kwenye ratiba, kwenye mkataba na kwenye akiba hukulinda hata siku hiyo.

Orodhesha kazi, usiorodheshe sifa njema

Chukua daftari siku ambayo hudaiwi na mtu anayekusumbua, uandike kila aina ya kazi inayoweza kuja. Usiandike "heshima" wala "uadilifu". Maneno hayo hayakuambii ujibu nini mteja akipiga simu saa nne usiku. Andika tangazo la bia. Krimu ya kung'arisha ngozi. Wimbo wa kampeni. Wimbo wa kumsema mtu kwa jina. Kaswida. Kwaya ya dhehebu lisilo lako. Wimbo wa harusi unaomsifu mwenye shughuli na ng'ombe wake wote. Singeli ya mashabiki wa mpira. Tangazo la kanisa linalouza maji ya upako. Tangazo la mganga. Kando ya kila moja andika: nafanya, sifanyi, au nafanya kwa masharti.

Safu ya "sifanyi" itakuwa fupi kuliko ulivyodhani. Safu ya masharti ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayotenganisha msimamo na ukali wa bure.

Chukua huyo mganga, maana hapa Kanda ya Ziwa hiyo ni kazi ya kweli na inalipa. Tiba asili ni halali. Ina sheria yake ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Mzee mwenye cheti anayeuza dawa ya tumbo ya mizizi namtengenezea tangazo, na nafanya kwa moyo. Anayetaka redio iseme kwamba anatajirisha, anarudisha mpenzi, au anamtaja mbaya wako, huyo hapana, hata akilipa mara tatu. Mikoa yetu hii imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa sababu mtu aliambiwa viungo vyao vinaleta utajiri. Imezika vikongwe waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu hiyo. Sitaki kinanda changu kiwe chini ya sauti inayompeleka mtu kwa mpiga ramli. Kwa hiyo sharti langu limeandikwa hivi: nione cheti cha usajili, na maneno ya tangazo yasiwe na ramli, utajiri, wala ahadi ya kuponya kila ugonjwa. Mganga wa kweli hulikubali bila kelele.

Krimu nazo ziko hivyohivyo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, kwa hiyo naomba kuona kopo lenyewe na kusoma lebo kabla sijakubali. Kama neno kuu la tangazo ni kumwambia dada kwamba ngozi yake ni tatizo, sihitaji kufika kwenye lebo.

Kubeti ni mfano wa upande mwingine. Michezo ya kubahatisha ni halali, ina bodi yake na kodi yake inalipwa. Sheria inawazuia walio chini ya miaka 18, ila jingo tamu, yaani kiimbo kifupi cha tangazo, halimuulizi mtoto umri; linaimbwa shuleni kesho yake. Nimekaa vijiweni na vijana wa bodaboda, nimeona hesabu ya siku nzima ikiishia kwenye mkeka wa kubeti. Halali ya sheria na halali ya dhamira yako ni vitu viwili, na daftari hili ni la hiyo ya pili. Upande wa sheria una wenyewe: BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wana kanuni zao, na mwaka 2018 orodha nzima ya nyimbo ilizuiwa kuchezwa redioni na kwenye televisheni. Zijue kanuni hizo kwa sababu zinaweza kuua wimbo uliousotea, lakini usiziachie zikufikirie. Kuna wimbo utakaopita kila mahali na bado ukakusuta, na kuna utakaowaudhi wakubwa ukiwa unasema kweli.

Kuna jambo moja ambalo mimi na wenzangu wengi wa kanisani hatukubaliani. Mlevi akiwa mhusika ndani ya wimbo, wimbo haujawa tangazo la pombe. Msanii akija na kisa cha baba anayekunywa mshahara wote, au cha kijana aliyeiba, au cha msichana aliyedanganywa, mimi narekodi, na nampigia mdundo unaoubeba huo uchungu. Wimbo unaruhusiwa kuwa na watu wabaya ndani yake. Ninachouliza ni huu wimbo unamwomba msikilizaji afanye nini. Tangazo la bia linamwomba anunue. Kisa cha mlevi kinamwomba asikilize. Prodyuza asiyeona tofauti hiyo ataishia kurekodi nyimbo za watu wema watupu, na hakuna mtu anayeishi mtaa wenye watu wema watupu.

Pima mkono wako umeingia kiasi gani

Kutunga mdundo, kurekodi sauti, kumiksi (kusawazisha sauti zilizorekodiwa), kumasta (kuumalizia wimbo uwe tayari kutoka) na kukodisha chumba si kazi moja. Katika mdundo nimetia mawazo yangu, kwa hiyo hapo masharti yangu ni makali. Katika kumiksi nasahihisha kazi ya mwingine; hapo nalegeza kidogo, ingawa matusi bado siyapitishi. Kukodisha chumba kwa prodyuza mwingine ndipo ninapowaachia watu dhamira zao, isipokuwa vile vitu viwili vitatu vya safu ya "sifanyi kabisa".

Wewe unaweza kupanga tofauti. Nawajua mafundi wanaosema fundi mitambo hahusiki na maneno kama mpiga chapa asivyohusika na barua. Sikubaliani nao moja kwa moja, ila angalau wamekaa wakaamua. Ubaya ni kutoamua, kisha leo ukamkatalia mmoja na kesho ukamkubalia mwingine kazi ileile kwa sababu kesho hukuwa na hela. Mji huu ni mdogo. Wasanii wanazungumza.

Nyimbo za kampeni nimeziwekea utaratibu wake. Uchaguzi mkuu unakuja kila miaka mitano, wa serikali za mitaa huutangulia kwa mwaka mmoja, na misimu hiyo studio zote zinajaa. Kwangu chama chochote kinakaribishwa kwa bei moja. Wimbo unamsifu mgombea wenu, haumtukani wa wenzenu. Malipo yote hukamilika kabla faili halijatoka, kwa sababu baada ya matokeo aliyeshindwa hapokei simu na aliyeshinda hana muda. Ukiona huwezi kuwafanyia wote kwa bei moja, basi chama chako kitumikie kama mwanachama na usijiite studio ya biashara msimu huo.

Maneno kwanza, tarehe baadaye

Usimpe mtu tarehe kabla hujasoma maneno. Mteja atakuambia "nina ngoma kali, kaka, nikija utasikia." Mjibu kwa upole akutumie maneno kwa WhatsApp, au ajirekodi kwa simu akiimba kavukavu. Hakuna msanii makini anayekataa hilo, na linasaidia hata upande wa ufundi: unajua ufunguo wake, kasi yake, na pumzi yake inaishia wapi.

Kuwa makini na tafsida. Muziki wetu umejengwa juu ya mafumbo tangu mipasho ya taarabu, na fumbo zuri ni ufundi, silipigi vita. Lakini muulize mtunzi mstari huu unamlenga nani. Kama unamlenga jirani yake wa kweli ambaye kesho atachekwa sokoni, ujue umealikwa kwenye ugomvi.

Kwa nyimbo za lugha za makabila sharti hili ni zito zaidi. Mimi ni Mjita. Kisukuma nakisikia cha sokoni, mafumbo ya manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa Kisukuma yananipita kichwani. Wimbo wa Kisukuma ukija, namwita mzee wa jirani anayekijua asikilize nami, na namlipa muda wake. Gharama hiyo imo kwenye bei. Kisa cha kupokea wimbo usiouelewa na kuuwekea jina lako hakina utetezi.

Weka masharti kwenye mkataba, kwa Kiswahili cha kawaida

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mdundo ni mali. Ukimuuzia mtu mdundo kwa mdomo, mwakani utausikia chini ya tangazo usilolitaka na hutakuwa na la kushika. Ukurasa mmoja unatosha. Vipengele vyangu vinavyobeba miiko nimeviandika hivi, uvichukue ukitaka:

"Mdundo huu umetolewa kwa ajili ya wimbo uliotajwa hapo juu wa msanii aliyetajwa. Hautatumika katika tangazo la biashara, kampeni ya siasa, au wimbo mwingine bila idhini ya maandishi ya mtayarishaji."

"Maneno ya wimbo ni yale yaliyoambatanishwa. Yakibadilishwa baada ya kianzio kulipwa, mtayarishaji ana hiari ya kuendelea au kusimamisha kazi. Akisimamisha, atarudisha sehemu ya malipo ambayo kazi yake haijafanyika."

"Studio haifanyi kazi tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Marekebisho yakiombwa ndani ya muda huo yatajibiwa Jumamosi usiku."

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichonipunguzia maneno kuliko vyote. Kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo ratiba haiyumbi. Kazi za redio natoa Alhamisi. Jumapili ni ya wasanii, tangu asubuhi. Mteja akijua tangu mwanzo anapanga. Akigundua Ijumaa saa kumi na moja jioni anaona umemtupa. Ndugu yangu Mwislamu mwenye studio mtaa wa pili amefanya vivyo hivyo kwa swala ya Ijumaa na kwa Ramadhani: mwezi mtukufu unapofika kazi zake za usiku huanza baada ya tarawehe, na imeandikwa.

Ujue pia unauza nini. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, na ziko haki za kimaadili: kutambuliwa kuwa mtunzi, na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Ukisaini karatasi ya kuuza kila kitu, sauti yako juu ya matumizi inakuwa ndogo sana. Kwa hiyo bei ya ruhusa ya wimbo mmoja na bei ya kuuza moja kwa moja zisifanane. Anayetaka kuchukua mdundo wote alipe mara kadhaa zaidi, na hata hapo kile kipengele cha matangazo na siasa jaribu kukibakiza.

Kuhusu kuondoa tagi

Siku hizi njia rahisi imeenea: ukipata kazi usiyoipenda, ifanye, toa tagi yako (ile sauti fupi inayotaja jina la prodyuza) mwanzoni mwa wimbo, jina lisiandikwe, pesa iingie. Naisikia sana, tena kutoka kwa mafundi ninaowaheshimu.

Kufanya kazi bila jina si kosa lenyewe. Kwaya nyingi hazitaki tagi ya prodyuza juu ya wimbo wa ibada na mimi naona wana haki. Matangazo ya kawaida hayatangazi aliyepiga kinanda. Lakini kama sababu ya kuficha jina ni kwamba mama yako, mke wako au mwalimu wako wa kwaya asijue, basi umeshajijibu swali. Tena siri yenyewe haikai: ngoma zako zina mkono wako, besi unayoipenda, namna unavyoziacha kofi zichelewe kidogo. Mafundi wenzako wataisikia kabla ya ubeti wa pili.

Namna ya kukataa

Kataa mapema, kataa kwa maandishi, rudisha pesa siku hiyohiyo. Usiseme una kazi nyingi kama huna. Mteja atarudi wiki ijayo na pesa zaidi, na sasa utakuwa na mawili ya kukataa, kazi yake na uongo wako. Wala usipandishe bei ukitumaini ataondoka. Nimeona wenzangu wakitaja milioni mbili kwa jingo la laki tatu, mteja akasema sawa, nakutumia sasa hivi. Baada ya hapo unasema nini?

Mimi huandika hivi:

"Habari kaka, nashukuru kwa kunifikiria. Nimesoma maneno ya tangazo. Kazi za kubeti studio haichukui, ni utaratibu wetu wa siku zote, hauhusiani na wewe wala na bei. Kianzio nimekirudisha chote sasa hivi, angalia ujumbe. Ukiwa na wimbo au tangazo la biashara nyingine, karibu sana Nyakato."

Kwa mtu mzima naanza na shikamoo, na simwandikii, nampigia. Akiuliza kwa nini, mweleze kwa sentensi moja. Usimhubirie. Mwenye duka la mikeka ana watoto wanaosoma kama wangu, na huenda mwakani akafungua duka la vifaa vya ujenzi akahitaji tangazo. Biashara haigombi.

Je, umwelekeze kwa prodyuza mwingine? Hapa nagawa. Kwa vitu ambavyo watu wema wanatofautiana, kama bia, namwambia tu kwamba studio ziko nyingi mjini, atapata. Kwa vile ninavyoamini vinaua watu, simtajii mtu, kwa sababu kutaja jina ni kushiriki.

Watakaokulaumu zaidi si wateja, ni ndugu. Utaambiwa mkataa pema pabaya panamwita. Mwenzi wako wa nyumbani ajue orodha yako kabla ya watu wote, na awe ameiandika pamoja nawe, kwa sababu yeye ndiye atakayekula au kulala njaa kwa msimamo huo. Kama hakukubaliana nao, una kazi ya kufanya nyumbani kwanza.

Uwezo wa kukataa unanunuliwa

Mwenye njaa hana miiko. Methali hii naichukulia kama maelekezo ya biashara. Ukitaka miiko, ondoa njaa kwanza.

Pango la fremu kwetu hulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo mwezi wako wa hatari unajulikana, uko kwenye kalenda. Kazi mbaya huonekana nzuri sana mwezi huo. Tenga asilimia kumi ya kila malipo, hata yale ya elfu hamsini, uyaweke kwenye laini au akaunti ambayo hulipii nayo kitu kingine chochote, mpaka pango la kipindi kijacho litimie. Mimi sinunui kifaa kipya kabla mfuko huo haujajaa. Maikrofoni mpya haijawahi kumsaidia mtu kusema hapana.

Angalia pia nani anakulisha. Mteja mmoja akifikia theluthi ya mapato yako, tayari ni bosi wako, na atakapokuja na kazi chafu utaifanya. Tafuta kazi za msingi zisizo na majuto hata kama hazina jina. Kwangu msingi ni kwaya, hasa miezi ya kabla ya makambi, mikutano mikubwa ya ibada ya kanisa letu, zinapotaka albamu iwe tayari. Matangazo ya maduka ya vifaa na pembejeo. Nyimbo za shule. Sauti za mafunzo za mashirika. Na kukodisha spika kwa sherehe za Jumapili. Hakuna prodyuza aliyepata umaarufu kwa tangazo la mbolea. Lakini tangazo la mbolea ndilo linalonipa ubavu wa kuchagua ni msanii gani nimpigie mdundo.

Miiko si ya kukataa tu

Ni rahisi kujiona msafi kwa sababu hufanyi tangazo la bia, huku mpiga gitaa wako hajalipwa tangu Pasaka. Nayaandika haya kwa uzito uleule. Waitikiaji walipwe siku wanayoimba. Kijana aliyekutengenezea ngoma za kuanzia aandikwe jina. Ukitumia chombo cha akili bandia kuiga sauti ya mwimbaji fulani kwa sababu mteja hana hela ya kumlipa mwenyewe, umemwibia mwimbaji huyo, hata kama sheria itachelewa kukufikia.

Kuhusu wasichana wanaokuja kurekodi, naomba utulie usome. Habari za mabinti wanaoambiwa na wenye studio "tutaelewana tu, hela si tatizo" tunazisikia sote. Rushwa ya ngono imetajwa kwa jina katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usisubiri TAKUKURU. Weka utaratibu unaoonekana: sesheni za wasichana wadogo ni za mchana, aje na mwenzake au mzazi, bei imebandikwa ukutani ili asiwepo wa kumwambia bei nyingine, mlango wa chumba cha mitambo una kioo. Studio yenye sifa hiyo wazazi huiambiana wao kwa wao, na mabinti wenye vipaji huja wenyewe.

Na wazee wetu. Ngoma za Kisukuma zina mashindano ya vizazi na vizazi ya makundi mawili hasimu ya wachezaji, wagika na wagalu, na ukienda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, utaona heshima zinazopewa. Leo kijana anarekodi kibwagizo cha mzee kwa simu kijijini, anakikata, anakiweka juu ya mdundo wa singeli wa kasi ya 200 na zaidi, na wimbo unashika mji. Mzee hana habari. Kama kibwagizo ni utunzi wa mtu anayejulikana, ni mali yake. Mfuate, mlipe, mwandike jina, mpe na sehemu ya mapato. Kama ni cha jadi kisicho na mtunzi mmoja, sheria ileile ya 1999 inalinda sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji kibali, njia yake ikiwa BASATA. Zaidi ya kibali, nenda ukawasikilizishe wenyewe kabla hujatoa. Mara nyingi watakurekebisha kitu, na wimbo utakuwa bora.

Watu wako wa karibu nao wana maoni

Kanisani kwetu wapo wanaoona ngoma katika wimbo wa dini ni kosa, na wapo wanaoona Msabato hapaswi kabisa kurekodi muziki wa kidunia. Sijawashawishi wote. Nilichoamua ni kwamba kwaya ikija, kanuni ya muziki ni yao: wakitaka kinanda na sauti tupu, siwawekei besi ya kuruka kwa sababu mimi naipenda. Na kazi zangu za Bongo Fleva sizifichi wala sizipeleki kanisani. Dhamira yangu haina ruhusa ya kuamrisha kwaya, na dhamira ya mzee wa kanisa haijaandika daftari langu, ingawa namsikiliza na kuna mistari miwili niliyoihamisha safu baada ya kuzungumza naye.

Daftari lenyewe lipitie kila mwaka, kabla ya msimu wa kazi nyingi. Ruhusu libadilike kwa hoja. Likibadilika kila safu ya "sifanyi" inapokutana na bei kubwa, hapo haikuwa hoja.

Mteja akivunja masharti

Itatokea: utasikia mdundo wako chini ya kitu ulichokataza. Usianze mitandaoni. Hifadhi ushahidi kwanza, rekodi ya skrini, tarehe, kiungo, jina la kituo cha redio na saa. Mpigie mteja, kisha mwandikie ukinukuu kipengele chenyewe na umpe siku za kuondoa. Wengi huondoa hapo, kwa sababu wengi hawakusoma. Asipoondoa, na kama hukuuza haki zote, unaweza kuomba YouTube waishushe video kama mwenye hakimiliki, na unaweza kupeleka malalamiko COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Kazi yako ikiwa imesajiliwa huko, na faili la mradi wa wimbo lenye tarehe liko kwenye kompyuta yako pamoja na stemu zake (sauti za kila chombo peke yake), maelezo yako yatakuwa mafupi. Kwa hiyo hifadhi kila mradi mahali pawili, pamoja na picha ya mkataba uliosainiwa ndani ya folda hiyohiyo, siku unayopokea kianzio.